BLAISE PASCAL: MTOTO ALIYEKATAZWA HESABU

Hebu tutazame swali moja la mtihani kabla hatujafika kwa mwenyewe. Nambari 4□83□ inagawanyika kwa 72 bila baki. Jaza nafasi mbili zilizoachwa wazi. Kalkuleta hairuhusiwi.

Darasa likipewa swali kama hili, hugawanyika makundi mawili. Kuna wale wanaokunja mikono ya sweta na kuanza kugawanya kufa kupona: waweke 0 na 0, wagawanye, ikatae, waweke 0 na 1, ikatae tena. Nafasi ni mbili na kila nafasi yaweza kubeba tarakimu kumi, kwa hivyo kuna nambari mia moja za kujaribu. Saa haimngoji mtu. Kundi la pili linaandika mistari mitatu tu na kwenda swali linalofuata. Hawa wa pili si wachawi. Wanatumia kanuni za kugawanyika ambazo sote tulifunzwa tangu shule ya msingi: jumlisha tarakimu ukitaka kujua kama nambari inagawanyika kwa 3 au kwa 9, tazama mbili za mwisho ukitaka 4, tazama tatu za mwisho ukitaka 8.

Tulizikariri kama shairi. Lakini ni wangapi waliokaa chini wakauliza kwa nini tarakimu zijumlishwe kwa 9 na zisijumlishwe kwa 7? Na hiyo 7 ilikosa nini hata ikanyimwa kanuni kwenye orodha ya ubaoni? Mtu aliyeyashika maswali haya yote kwa mkono mmoja na kuyajibu alikuwa Mfaransa mgonjwa mgonjwa aliyefariki mwaka wa 1662 akiwa na umri wa miaka 39. Jina lake ni Blaise Pascal. Ajabu ni kwamba babake mzazi alikuwa amempiga marufuku asiguse hesabu.

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, Ufaransa, mji ambao siku hizi huitwa Clermont-Ferrand. Babake, Étienne Pascal, alikuwa afisa wa mahakama ya mambo ya kodi, na tena mpenzi mkubwa wa hesabu. Mamake, Antoinette, alifariki Blaise akiwa na miaka mitatu tu. Wakabaki watoto watatu: Gilberte aliyekuwa mkubwa, Blaise katikati, na Jacqueline kitinda mimba. Mzee hakuoa tena. Mwaka wa 1631 aliwachukua wanawe wakahamia Paris, na akaamua kumfundisha huyo kijana yeye mwenyewe nyumbani. Blaise hakuwahi kuketi kwenye dawati la shule hata siku moja.

Sasa mzee alikuwa na ratiba yake. Kwanza lugha, Kilatini na Kigiriki. Hesabu zingesubiri mpaka kijana atimize miaka kama kumi na mitano. Alijua utamu wake, akaogopa kwamba mtoto akizionja mapema hataki tena kusikia habari za lugha. Vitabu vyote vya hesabu vikafichwa, na wageni wakaombwa wasizitaje mbele ya mtoto. Sisi katika chama cha lugha hatuwezi kumlaumu sana mzee huyu! Lakini ukimfungia mtoto sukari kabatini, umemwonyesha kabati.

Dadake Gilberte, ambaye baadaye aliandika maisha ya nduguye, asimulia kwamba Blaise alipokuwa na miaka kumi na miwili alianza kuchora maumbo sakafuni kwa makaa wakati wa mapumziko. Hakujua hata majina ya vitu. Mstari aliuita fimbo, duara akaliita mviringo. Siku moja babake aliingia chumbani kimya kimya, akamkuta anahangaika na pembetatu, akitaka kuonyesha kwamba pembe zake tatu zikijumlishwa zinakuwa sawa na pembe mraba mbili, yaani zile digrii 180 tunazozijua. Mzee hakumkemea. Alitoka bila neno, akaenda kwa rafiki yake aliyeitwa Le Pailleur huku machozi yakimlengalenga. Baada ya hapo marufuku yakaisha, na mtoto akapewa kitabu cha Euclid akisome saa za mapumziko. Wako wataalamu wanaoona kwamba dada mtu ametia chumvi kidogo, kwa kuwa alimpenda sana nduguye. Hata tukiipunguza chumvi hiyo, lisilo na ubishi ni kwamba kufikia umri wa miaka kumi na sita, mwaka wa 1640, Pascal alikuwa amechapisha karatasi ya jiometri iliyowashangaza wazee wa Paris waliokuwa wakikutana kwa Padri Mersenne.

Wakati huohuo mambo ya nyumbani hayakuwa shwari. Mwaka wa 1638 babake aliungana na watu waliolalamikia serikali kwa sababu ya fedha zao, na Kadinali Richelieu, aliyekuwa na nguvu kuliko mawaziri wote, akaagiza wakamatwe. Mzee akatoroka Paris na kuwaacha watoto. Aliyemwokoa ni yule kitinda mimba, Jacqueline. Alishiriki mchezo wa kuigiza wa watoto mbele ya Richelieu, akauigiza vyema hata Kadinali akafurahi, naye papo hapo akamwombea babake msamaha. (Wanachama wa kikundi cha drama, mmesikia?) Msamaha ukatolewa, na mzee akapewa kazi kubwa ya kusimamia kodi katika mji wa Rouen, uliokuwa umetoka tu kwenye ghasia za kodi hizohizo.

Rouen ndiko Pascal alikopambana na nambari ana kwa ana. Babake alikesha usiku akijumlisha madeni ya kodi ya mkoa mzima. Pesa za Ufaransa wakati huo zilikuwa kazi kweli: livre moja ilikuwa sol 20, na sol moja ilikuwa denier 12. Waingereza nao walihesabu kwa mtindo huo, shilingi 20 kwa pauni na peni 12 kwa shilingi, mpaka walipoubadilisha mwaka wa 1971. Kijana akamwonea babake huruma. Kuanzia mwaka wa 1642 alianza kuunda mashine ya kujumlisha yenye magurudumu ya meno. Ugumu wote ulikuwa katika jambo ambalo sisi tunalifanya kwa kidole: kubeba moja. Gurudumu la mamoja likitoka 9 kwenda 0, lazima la makumi lisogee hatua moja, na kama hilo nalo lilikuwa kwenye 9, la mamia lisogee pia, na kuendelea. Pascal aliweka kijikono chenye uzito kilichoinuka polepole gurudumu lilipozunguka, kisha kikaanguka na kulisukuma gurudumu la jirani. Alijaribu miundo zaidi ya hamsini kabla ya kuridhika mwaka wa 1645. Mashine ilifanya kazi, ila bei yake ilikuwa ya matajiri, kwa hivyo hakuuza nyingi. Chache zimesalia katika majumba ya makumbusho, mojawapo likiwa lile la ufundi mjini Paris.

Nimeieleza mashine hii kwa kirefu kwa sababu maalumu. Baadhi ya mashine hizo zilikuwa na gurudumu la tarakimu 12 na jingine la 20, kwa ajili ya denier na sol. Mtu aliyechonga magurudumu ya namna hiyo kwa miaka mitatu hawezi kuamini tena kwamba kumi ni nambari teule kutoka mbinguni. Jambo hilo litatufaa hivi punde.

Mambo ya fizikia nitayapita haraka, maana yamo katika vitabu vya Kidato cha Kwanza. Mwaka wa 1648, tarehe 19 Septemba, shemeji yake Florin Périer, mumewe Gilberte, alipanda mlima Puy-de-Dôme na mrija wa zebaki kama Pascal alivyomwomba. Kule juu zebaki ilisimama chini zaidi ya sentimita 8 kuliko ilivyosimama mjini, na hapo ikaonekana wazi kwamba hewa ina uzito na kwamba hupungua kadiri unavyopanda. Ndiyo maana kipimo cha kanieneo kinaitwa pascal mpaka leo. Yeye mwenyewe hangeweza kupanda. Afya yake ilikuwa imeharibika tangu ujanani: kichwa, tumbo, meno, na mwaka wa 1647 hata miguu ilimlegea akatembea kwa magongo.

Tufike sasa mwaka wa 1654, mwaka wa mavuno. Babake alikuwa amefariki mwaka wa 1651, na Jacqueline alikuwa ameingia utawani Port-Royal mwaka uliofuata. Pascal alikuwa peke yake. Mwaka huo aliandikiana barua na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, juu ya wacheza kamari wawili wanaokatizwa kabla mchezo haujaisha: pesa zigawanywe vipi kwa haki? Barua hizo ndizo msingi wa mada ya uwezekano tunayosoma. Mwaka huohuo aliandika kuhusu ile pembetatu ya nambari ambayo Kidato cha Tatu wanaijua kwa jina lake. Na katika makaratasi hayohayo, kwa Kilatini, akaandika kijitabu kifupi kuhusu namna ya kutambua kwa kujumlisha tarakimu peke yake kama nambari inagawanyika kwa nambari nyingine yoyote.

Tusimpe sifa zisizo zake. Kanuni ya 9 haikuwa yake. Wahindi na Waarabu walikuwa wakiitumia kukagua hesabu zao karne nyingi kabla yake, na Leonardo wa Pisa, yule Fibonacci, aliipeleka kwa wafanyabiashara wa Italia katika kitabu chake cha mwaka wa 1202. Pascal alileta kitu kingine: njia ya kujitengenezea kanuni ya nambari yoyote unayoitaka, pamoja na sababu yake.

Njia yenyewe ni hii. Chukua 7, ile iliyonyimwa kanuni. Anza na 1. Iongezee sifuri, iwe 10; toa 7, inabaki 3. Iongezee hiyo 3 sifuri, iwe 30. Toa 7 mara nyingi uwezavyo, inabaki 2. Ishirini inabakisha 6. Sitini inabakisha 4. Arubaini inabakisha 5. Hamsini inabakisha 1, na hapo tumerudi tulikoanza. Safu yetu basi ni 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha inajirudia. Mamoja yanazidishwa kwa 1, makumi kwa 3, mamia kwa 2, maelfu kwa 6, na kuendelea kuelekea kushoto. Jumla ikigawanyika kwa 7, nambari nzima inagawanyika.

Tuijaribu na mwaka wa uhuru wetu, 1963. Tatu mara 1 ni 3. Sita mara 3 ni 18. Tisa mara 2 ni 18. Moja mara 6 ni 6. Jumla ni 45. Ukiigawanya 45 kwa 7 inabaki 3, kwa hivyo 1963 haigawanyiki, na tena baki lake ni hilohilo 3. Gawanya kwa njia ndefu uone kama nadanganya.

Kwa nini inafaulu? Fikiria mpishi wa shule ana maharagwe 100 na wanafunzi 7. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja atapata 14 na yatabaki 2. Basi machoni pa 7, mia moja ni kitu kidogo sana, ni 2 tu. Yale 98 mengine yameshapata wenyewe. Kama mia moja ni 2, mia tisa ni 2 mara tisa, yaani 18. Elfu moja ni 6. Kumi ni 3. Hakuna uchawi: kila nafasi tunaivua yale yaliyokwisha kugawika, tunabaki na yale yanayoleta taabu, na hayo ndiyo tunayojumlisha.

Sasa angalia zile kanuni za shule ya msingi zinavyojifungua zenyewe. Kwa 9, kumi inabakisha 1, mia inabakisha 1, elfu inabakisha 1. Safu nzima ni 1, 1, 1, ndiyo maana tunajumlisha tarakimu bila kuzizidisha. Kwa 8, safu ni 1, 2, 4, kisha 0, 0, 0 mpaka mwisho, kwa maana elfu inagawanyika kwa 8 bila baki. Kumbe ndiyo sababu tunatazama tarakimu tatu za mwisho pekee! Kwa 11, safu ni 1, 10, 1, 10. Na kwa kuwa 10 imepungukiwa na moja tu kufika 11, badala ya kuzidisha kwa 10 unaweza kutoa. Ndiyo ile kanuni ya kuongeza na kutoa kwa zamu. Zote ni mama mmoja.

Pascal akasisitiza pia kwamba kuhesabu kwa makumi ni desturi ya watu tu. Watu wakiamua kuhesabu kwa dazeni, njia ni ileile, kinachobadilika ni safu. Mimi nayaona hapo yale magurudumu ya 12 na 20 ya Rouen.

Turudi kwa swali letu, 4□83□ na 72. Sabini na mbili ni 8 mara 9. Tarakimu tatu za mwisho ni 83□, na nambari ya namna hiyo inayogawanyika kwa 8 ni 832 peke yake. Kwa hivyo ya mwisho ni 2. Sasa tarakimu tulizo nazo, 4, 8, 3 na 2, jumla yake ni 17, na ili ifike kiasi cha 9 inataka 1 iwe 18. Jibu: 41832. Mistari mitatu, kama nilivyosema.

Lakini chunga mitego miwili inayomaliza watu. Wa kwanza: tuliivunja 72 kuwa 8 na 9 kwa sababu hizo mbili hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1. Huwezi kuivunja 12 kuwa 2 na 6. Nambari 18 inagawanyika kwa 2, inagawanyika kwa 6, lakini kwa 12 wapi! Lazima utumie 3 na 4. Mtego wa pili ni wa kukimbilia jibu la kwanza. Chukua 58□3 igawanyike kwa 7. Kwa safu ya Pascal, 3 na 16 na 30 ni 49, ambayo tayari ni kiasi cha 7. Tarakimu iliyofichwa, ikizidishwa kwa 3, nayo lazima iwe kiasi cha 7. Ataandika mtu 7, 5873, na kufunga karatasi akitabasamu. Amesahau 0: hata 5803 inagawanyika. Majibu ni mawili, na alama huenda zikawa mbili pia.

Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo wa 1654, Pascal alipatwa na tukio la kiroho lililombadilisha. Aliliandika kwenye karatasi, akaishona ndani ya koti lake, na kila alipobadilisha koti aliihamisha. Hakumwambia mtu. Tangu hapo alitumia nguvu zake nyingi katika mambo ya dini, na barua zake za mabishano za 1656 na 1657, zilizotoka kwa jina la bandia, zinahesabiwa miongoni mwa maandishi bora kabisa ya lugha ya Kifaransa. Hesabu alizirudia kwa muda mwaka wa 1658, jino lilipomnyima usingizi.

Kazi yake ya mwisho itawafurahisha wanaosafiri kila wikendi. Tarehe 18 Machi 1662 magari saba ya farasi, kila moja na viti vinane, yalianza kubeba abiria Paris kwa wazo lake. Njia maalumu, nauli maalumu ya sol 5, na gari liliondoka saa yake ilipofika hata kama halijajaa. Manamba wetu na waelezwe! Doa lililoipaka huduma hiyo lilitoka mahakamani: wanajeshi, watumishi na vibarua walikatazwa kupanda. Pascal alitaka sehemu yake ya mapato iwaendee maskini.

Jacqueline alikuwa amefariki Oktoba 1661. Majira ya joto ya 1662 mtoto wa familia maskini iliyoishi nyumbani kwa Pascal aliugua ndui. Hakukubali familia ile iondolewe. Aliondoka yeye, akahamia kwa Gilberte, na huko ndiko alikofariki tarehe 19 Agosti 1662. Siku chache baadaye mtumishi aliyezikagua nguo zake alihisi kitu kigumu ndani ya koti. Ilikuwa ile karatasi aliyoibeba kwa miaka minane.

Makaratasi ya hesabu ya 1654 yalichapishwa mwaka wa 1665, miaka mitatu baada ya mwenyewe kuzikwa, na kile kijitabu cha kugawanyika kikiwa humo. Anayetaka kukijaribu kwa mikono yake na aanze na 13. Safu yake, ukiitengeneza kwa njia ileile ya kuongeza sifuri, ni 1, 10, 9, 12, 3, 4. Halafu tafuta tarakimu iliyofichwa katika 8□24 ili igawanyike kwa 13 bila baki. Safari hii jibu ni moja tu.